Kwenda kwa Mkapa mara ya kwanza: historia ya uwanja, mechi ya kuchagua, tiketi, usafiri na pa kukaa uwanjani

Watu wa mikoani, na hata wengine waliozaliwa hapahapa Dar, huwa wanauliza kitu kimoja: mimi sijawahi kukanyaga kwa Mkapa, ule uwanja mkubwa wa mpira wa Dar, nianzie wapi? Jibu la haraka ni nunua tiketi, panda daladala, nenda. Shida jibu hilo ndo linazalisha wale wanaofika saa tisa na nusu kwenye mechi ya saa kumi, wanabanwa getini, wanaingia dakika ya 30 timu ishapata bao, wanakaa popote penye nafasi halafu wakirudi nyumbani wanasema aah mbona uwanja wa kawaida tu. Ukienda kwa mpango unaona kitu kingine kabisa, na mpango wenyewe sio mgumu. Unahitaji siku nzima, simu yenye chaji, na kujua kidogo unapokanyaga ni wapi. Nianze na hilo la mwisho maana ndo watu wengi wanaruka.

Kwanza ujue unaenda wapi

Pale Temeke, kata ya Miburani, kuna viwanja viwili vimekaa ubavu kwa ubavu. Mgeni macho yote yanaenda kwenye ule mkubwa, na ule mdogo anadhani ni wa mazoezi. Sasa ule mdogo ndo mama wa habari yote. Ndo Uwanja wa Uhuru, wazee wanauita Shamba la Bibi, na kwa miaka mingi huo ndo ulikuwa unaitwa Uwanja wa Taifa kabla jina halijahamia kwa jirani yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilishushwa humo na ya Tanganyika ikapanda, Nyerere yupo, na Prince Philip mume wa Malkia Elizabeth kaja kwa niaba ya Malkia. Usiku huohuo Alexander Nyirenda alikuwa anapandisha mwenge na bendera juu Kilimanjaro. Kwa hiyo unapopita nje ya ukuta wa Uhuru unatafuta pa kununua maji, ujue nchi ilianzia humo ndani. Na mambo ya serikali yaliendelea kufanyika humo miaka yote, Magufuli mwenyewe aliapishwa pale tarehe 5 Novemba 2015.

Kwa upande wa mpira, Shamba la Bibi ndo lililea utani wa Simba na Yanga. Simba walimpiga Yanga 6-0 mwezi Julai 1977, Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake, na mtu wa Simba wa umri wowote, hata aliyezaliwa 2005, atakusimulia kama alikuwepo. Wao wenyewe Simba wana kidonda chao palepale, fainali ya Kombe la CAF 1993 dhidi ya Stella Abidjan. Walitoka suluhu kule Ivory Coast, watu wakajua kombe lishaingia Msimbazi, mtaani kwa Simba, mechi ya marudiano Dar wakafungwa 2-0 mbele ya watu wao. Wazee wakianza kuongelea hiyo mechi sauti inashuka.

Uwanja mkubwa ulikuja baadaye. Benjamin Mkapa, rais wa awamu ya tatu, ndo aliyeusukuma, serikali ya China ikachangia gharama na kampuni ya Beijing Construction Engineering Group ikajenga. Ulianza kutumika 2007, Mkapa keshatoka madarakani, na Februari 2009 Rais Hu Jintao wa China alikuja Dar wakaukabidhi rasmi yeye na Kikwete. Hesabu inayosemwa ni watu 60,000. Mkapa alipofariki Julai 2020 Magufuli akatangaza uwanja uitwe jina lake, na toka hapo mitaani ukawa "kwa Mkapa" tu. Watangazaji wanapenda kuuita Lupaso, kijiji cha Mkapa kule Masasi, kwa hiyo ukisikia redioni "leo Lupaso patachimbika" usiende stendi kukata tiketi ya Mtwara.

Ndani ya hiyo miaka michache uwanja umeona mengi. Juni 7, 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, Brazil wenyewe walikuja na Kaka na Robinho, wakatupiga 5-1, Jabir Aziz akatupatia letu moja na kelele za lile moja nadhani zilizidi za yale matano. Julai 2017 Everton walicheza na Gor Mahia ya Kenya, Wayne Rooney alikuwa ndo karudi Everton, akapiga shuti la mbali likaingia, Everton wakashinda 2-1. Machi 24, 2019 timu yetu ya taifa, Taifa Stars, waliipiga Uganda 3-0 (Msuva, Erasto Nyoni kwa penati, na Aggrey Morris) tukaenda AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1980. Novemba 2024 tena bao moja la Msuva dhidi ya Guinea likatupeleka AFCON nyingine. Na Oktoba 20, 2023 ndo palifunguliwa ile African Football League, Simba 2-2 Al Ahly, Infantino kakaa jukwaani. Agosti 2025 CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, ikafunguliwa hapohapo, Stars 2-0 Burkina Faso.

Dabi za Simba na Yanga nazitaja kwa kifupi maana nikianza hatumalizi. 5-0 ya Simba Mei 2012, ile 3-3 ya Oktoba 2013 ambayo Yanga walienda mapumziko wanaongoza tatu, na 5-1 ya Yanga Novemba 2023. Hiyo ya mwisho usimtajie mtu wa Simba humjui vizuri.

Hatua ya 1: chagua mechi, usichukue tu iliyopo

Hapa ndo naona watu wanakosea sana. Kila mtu anataka kuanza na dabi. Mimi ushauri wangu ni usianze na dabi. Tiketi zinagombaniwa, umati ni mkubwa kupita kiasi, na dabi yetu ina tabia ya kutochezwa siku iliyopangwa. Mei 8, 2021 muda ulisogezwa kutoka saa 11 jioni kwenda saa 1 usiku, Yanga wakaja saa 11 yao wakapasha wakaondoka, mechi haikuchezwa hadi Julai. Machi 8, 2025 ikaahirishwa siku yenyewe, watu washatoka Mwanza na Mbeya na jezi zao wamevaa, ikaja kuchezwa Juni. Sasa wewe uliyeomba ruhusa kazini na kulipa lodge unakuwa mgeni wa nani?

Mechi nzuri ya kwanza kwa maoni yangu ni ya kimataifa ya klabu, Ligi ya Mabingwa Afrika au Kombe la Shirikisho, hatua ya makundi kwenda mbele. Hapo ndo ule msemo wa Simba "kwa Mkapa hatoki mtu" ulipotokea. Al Ahly walifungwa hapo 2019 na 2021, Horoya wakala saba Machi 2023, na Yanga nao Februari 2024 wakawapiga CR Belouizdad nne. Uwanja unaimba upande mmoja dhidi ya mgeni na hiyo raha yake hauipati kwenye ligi. (Msemo ni msemo lakini, Jwaneng Galaxy wa Botswana walitoka Oktoba 2021, tena wameshinda 3-1 na kumtoa Simba mashindanoni, na Raja nao walitoka na tatu bila Februari 2023.)

Ukiwa na watoto au mzazi mtu mzima, nenda mechi ya Stars au mechi ya ligi dhidi ya timu ndogo. Nafasi zipo, presha ndogo, unaweza hata kuzungukazunguka kuona uwanja.

Kama unachotaka ni shamrashamra kuliko mpira wenyewe, basi Agosti. Kuna Simba Day na kuna Wiki ya Mwananchi ya Yanga, wanatambulisha wachezaji, wasanii wanapanda, halafu mechi ya kirafiki jioni. Watu wanaanza kuingia asubuhi. Uvumilivu wa jua unahitajika.

Na kabla hujafanya chochote hakikisha mechi iko kwa Mkapa kweli. Uwanja umekuwa ukifungwa mara kwa mara kwa ukarabati au kwa ajili ya nyasi, kipindi hicho timu zinahamia Chamazi kwa Azam au KMC pale Mwenge. Simba fainali ya Shirikisho Mei 2025 ilibidi mechi ya nyumbani waicheze Amaan, Zanzibar. Sasa na AFCON ya 2027 tunayoandaa na Kenya na Uganda, kazi za kuuweka sawa hazijaisha, kwa hiyo angalia tangazo la klabu la wiki hiyo, sio la mwezi uliopita.

Hatua ya 2: tiketi

Tiketi za karatasi za dirishani sahau. Mfumo ni wa kielektroniki, unatumia N-Card, ile kadi ambayo watu wa Kigamboni wanaijua kwenye kivuko. Unapata kadi kwa mawakala ambao klabu inawatangaza kabla ya mechi, unaweka hela kwa simu, unachagua mechi na jukwaa unalipia, siku ya mechi unaigusisha kwenye mashine getini. Mkienda familia nzima hakikisha kila mtu ana kadi yake mkononi, msije mkafika pale watu wanne na kadi moja mkaanza kubishana na askari.

Nunua siku mbili tatu kabla. Sio lazima iwe zitaisha, ila siku yenyewe wakala ana foleni, mtandao unasuasua maana watu maelfu wanafanya muamala mmoja muda mmoja, na palepale nje kuna vijana watakuambia "bro ninayo VIP hapa kwa bei poa". Usinunue kadi ya mtu mkononi. Huna namna ya kujua kama ina tiketi ndani au ishatumika, utajua mashine ikikataa na yeye keshapotea.

Bei inapangwa na timu mwenyeji kila mechi kwa hiyo sikupi orodha. Mzunguko, yaani majukwaa ya kawaida, ndo ya chini, mara nyingi ni elfu tatu hadi tano, mechi kubwa inapanda. Ghali zaidi kuna Orange, viti vya rangi ya chungwa, halafu VIP C, VIP B na VIP A. Ukiangalia idadi ya viti utaelewa kwa nini VIP A inaisha haraka, hesabu iliyokuwa inatolewa wakati wa kutangaza viingilio ilikuwa viti 748 tu, wakati mzunguko, ambayo zamani ilikuwa ni viti vya bluu na kijani, ilizidi 36,000.

Hatua ya 3: kukaa wapi

Hili watu hawalifikirii wakati ndo linaamua siku yako. Uwanja una njia ya riadha kuzunguka nyasi, kwa hiyo hata ukikaa chini kabisa hauko karibu na wachezaji vile unavyoona viwanja vya Uingereza kwenye tivii. Ukikaa chini nyuma ya goli unachokiona ni kundi la watu kule mbali na mpira unaruka, goli la upande wa pili unalijua kwa kelele. Kwa hiyo mzunguko kaa juu. Juu unaona timu inavyojipanga, nani anarudi kukaba na nani anatembea.

Kama unaweza kuongeza hela kidogo, Orange ndo napendekeza kwa mtu wa mara ya kwanza. Unaona vizuri, na bado uko na watu wanaoimba. VIP C na B pametulia zaidi, wazee wenye redio sikioni na watu wa ofisini. VIP A sina la kusema, viongozi na wadhamini, utakuwa unaangalia nani kakaa na nani.

Jua: mechi za saa kumi jioni jua linashuka, ukikaa upande unaoangalia magharibi linakupiga usoni kipindi chote cha kwanza, beba kofia. Mvua sio tatizo sana maana majukwaa yana paa, ila safu za chini kabisa upepo ukiwepo unalowa.

Na jambo la rangi. Kwenye dabi kila upande una watu wake, uliza wenzako mliofika nao au angalia tu umati unaelekea wapi kabla hujakaa. Usiingie na jezi nyekundu ya Simba katikati ya kijani na njano ya Yanga kwa kujaribu bahati. Hawatakupiga, kwa kawaida, ila utasimangwa dakika 90 na bao likiingia utakuwa ndo ngoma yao. Kama huna timu vaa nyeupe au jezi ya Stars.

Hatua ya 4: kufika

Kama unatoka mkoani kwa basi utashuka Magufuli, Mbezi. Toka pale lengo lako ni kuipata barabara ya Mandela, yaani gari za kwenda Temeke kupitia Ubungo, Buguruni na Tazara. Mwambie konda "Taifa", wengi bado wanaita hivyo, atakushusha. Wa Dodoma na Morogoro siku hizi wanakuja na treni ya SGR, raha tupu, unashuka katikati ya mji halafu unachukua gari za Temeke au bajaji. Wa Zanzibar ukishuka boti bandarini hauko mbali, bajaji au bodaboda inatosha.

Ukitokea upande wa Posta au Mbagala tumia Kilwa Road, unashuka maeneo ya Uhasibu au Mgulani halafu unatembea, siku ya mechi hupotei, unafuata jezi. Wanaopita Chang'ombe wao wanaweza kushukia karibu na chuo cha DUCE, kiko jirani kabisa na uwanja.

Gari binafsi sikushauri. Unaingia vizuri, kutoka ndo utaelewa. Ukilazimika, paki mbali kidogo kisha malizia kwa miguu, na uelekeze gari pua linakotakiwa kutoka.

Mechi ya saa kumi, uwe maeneo yale saa saba. Ya saa moja usiku, saa tisa. Watu wananiona naongeza chumvi lakini hesabu mwenyewe, foleni ya Mandela, kutembea, kula, getini. Na hapo kati unapata muda wa kufanya kile nilichosema mwanzo, kupita Uhuru ukaangalia. Zunguka kwa nje taratibu, ukuta kwa ukuta, uone viwanja vyote viwili kwa pamoja, ule wa zamani mdogo na huu wenye paa kubwa. Hiyo nusu saa haina kiingilio.

Hatua ya 5: nje na getini

Nje kula. Mihogo, mishikaki, chipsi, mayai ya kuchemsha, kila kitu kipo na bei ni za mtaani. Jezi za kuuza zimejaa, za orijino na za "orijino". Ukitaka kusapoti klabu nunua kwenye maduka yao kabla, ukitaka tu rangi ya siku basi hizo za nje zitakufikisha usiku.

Simu iweke mfuko wa mbele, sio wa nyuma, na usipige selfi katikati ya msukumano. Vibaka wa pale wana kipaji kuliko mawinga wengi wa ligi.

Begi kubwa acha nyumbani. Chupa za kioo, visu, fataki, laser, vitu hivyo vyote askari watakunyang'anya na hutavipata. Ukaguzi ni wa mwili, wanaume foleni yao na wanawake yao, kaa tayari.

Sasa hapa naomba usome vizuri. Angalia tiketi yako ni ya jukwaa gani na uende geti la jukwaa hilo, usifuate kundi. Msukumano pale sio hadithi. Mei 28, 2023, mechi ya kwanza ya fainali ya Shirikisho, Yanga na USM Alger (Yanga walifungwa 2-1, wakaenda kushinda 1-0 Algiers wakakosa kombe kwa bao la ugenini), kulitokea kukanyagana nje ya uwanja, mtu mmoja akafariki na wengine kama 30 wakaumia. Na jirani hapo Uhuru, Machi 2021 wakati wa kumuaga Magufuli, watu 45 walikufa kwenye msongamano. Kwa hiyo ukifika ukaona geti limejaa watu wanasukuma, rudi nyuma, kaa pembeni, ingia dakika ya 15. Bao la dakika ya tano utaliona kwenye simu jioni. Ukiwa na mtoto na umeona hali hiyo, hata usisogee.

Ukijikuta uko katikati tayari, usipigane na mawimbi, mikono ipandishe kifuani upate nafasi ya kupumua, sogea kimshazari kuelekea pembeni, na kitu kikianguka usiiname kukiokota hata kiwe simu.

Hatua ya 6: ndani

Ukishaingia kabla ya kukaa kariri namba ya mlango uliopitia na ujue choo kiko wapi. Nenda chooni kabla ya mapumziko, dakika ya 40 hivi, maana dakika ya 45 nusu ya Temeke itakuwa kule. Mtandao wa simu mechi ikijaa unakuwa dhaifu, kwa hiyo panga na wenzako mapema mtakutana wapi baada ya mechi, mkitegemea kupigiana mtatafutana mpaka usiku.

Usisahau kuangalia vitu ambavyo kamera haioneshi. Makipa wanatoka kupasha kwanza, na wanavyopokelewa na upande wa pili ni burudani peke yake. Angalia benchi. Angalia wazee wanaokaa sehemu ileile kila mechi. Taa nazo usizichukulie poa, Aprili 30, 2023 robo fainali ya Yanga na Rivers United taa zilizima katikati ya mechi na uwanja mzima ukawasha tochi za simu, mechi ikasimama hadi zikarudi. Ndo maana nilisema simu iwe na chaji.

Bao likiingia usishangae kukumbatiwa na mtu humjui. Mkumbatie tu na wewe.

Hatua ya 7: kutoka

Una chaguo mbili na zote ni sawa, ya kati ndo mbaya. Ama utoke dakika ya 85, ukubali kukosa bao la jioni, na kwa timu zetu mabao ya jioni ni mengi (Simba walimtoa AS Vita Machi 2019 kwa bao la Clatous Chama la dakika za mwisho, waliotoka mapema siku ile hawasemi). Ama ukae kitini nusu saa baada ya filimbi, umati upungue. Wale wanaotoka wote pamoja na filimbi ndo wanaobanana kwenye ngazi na nje wanakuta bajaji ya elfu tatu inasema elfu kumi. Tembea kwanza hadi barabara kubwa, Mandela au Kilwa Road kutegemea unaelekea wapi, ndo utafute usafiri huko. Mechi za usiku mtembee kundi.

Kama unataka kuuona bila mechi

Inawezekana ila usitegemee utalii wa kama Anfield au Bernabeu, wa kukata tiketi kwenye kaunta na kuzungushwa na muongozaji. Uwanja ni mali ya serikali, uko chini ya wizara inayohusika na michezo, kwa hiyo ruhusa inaombwa kwa uongozi wa uwanja. Shule, chuo au kikundi andikeni barua mapema, mtaje idadi ya watu, siku na sababu, na msipange wiki yenye mechi. Mtu mmoja mmoja akienda getini siku ya kawaida, jibu linategemea mlinzi na kinachoendelea ndani siku hiyo. Ongea kwa heshima, shikamoo inafungua milango mingi kuliko kitambulisho. Picha za nje hazina shida kubwa ila uliza kwanza kabla hujaelekeza kamera kwa askari.

Siku hiyo isiyo na mechi unganisha na Kariakoo. Makao ya Simba yako mtaa wa Msimbazi, ya Yanga yako Jangwani kona ya Twiga, umbali wa kutembea tu kati yao. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na Simba walikuwa wanaitwa Sunderland hadi 1971. Ukianza hizo klabu mbili asubuhi, ukamalizia Temeke kwenye viwanja viwili, utakuwa umepita karibu mpira wote wa Dar kwa nauli ya daladala. Kariakoo nenda mapema kabla ya saa tano, baada ya hapo hata pa kukanyaga hakuna.